Filamu za Mashujaa na Bei ya Komiki za Kukusanywa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Je, ni kweli kwamba filamu hupandisha bei ya komiki?

Ndiyo. Nakala za komiki ya zamani haziongezeki. Zilizochapwa ndizo hizo hizo, na kila mwaka kadhaa huchanika, hulowa au hutupwa. Filamu inapomtangaza mhusika, watu wengi huitaka komiki ile ile kwa wakati mmoja, na bei hupanda. Mfano mzuri ni Iron Man toleo la 55, la Februari 1973, ambamo Thanos alitokea mara ya kwanza. Kwa miaka mingi lilitafutwa na wakusanyaji waliomjua mhusika huyo tu. Mwaka 2012 The Avengers ilimwonyesha kwa sekunde chache mwishoni, na toleo hilo likaingia kwenye orodha ya kila mnunuzi.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba sehemu kubwa ya mahitaji hayo ni ya kukopwa. Mtu ambaye angenunua nakala yake polepole katika miaka mitatu ijayo ameinunua wiki hii. Wimbi likipita, wanunuzi wake wameshamaliza kununua. Ndiyo maana bei hushuka hata kama filamu ilipendwa sana.

Bei hupanda lini hasa: filamu inapotangazwa, trela inapotoka, au filamu inapoingia kumbini?

Mara nyingi inapotangazwa. Hapo ndipo taarifa huwa mpya kabisa, na waliokuwa na nakala kwa bei ya jana bado hawajazitoa sokoni. Mnamo Julai 2024, kwenye maonyesho ya San Diego Comic-Con, Marvel Studios ilitangaza kwamba Robert Downey Jr. angecheza Doctor Doom. Fantastic Four toleo la 5, la Julai 1962, ambamo Doom alitokea mara ya kwanza, lilianza kupanda bei papo hapo, ingawa hakuna aliyekuwa ameona hata picha moja ya filamu.

Kwa kawaida mwendo huwa hivi. Tetesi huanza mitandaoni, na walanguzi wachache hununua nakala za bei nafuu. Tangazo rasmi likitoka, bei huruka. Hufuata miezi ya ukimya, bei hulegea kidogo. Trela ya kwanza huleta mruko wa pili, mdogo kuliko wa kwanza. Kisha, wiki chache kabla ya filamu kuingia kumbini, bei hufika kileleni au huanza kushuka taratibu.

Kushuka huko kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kila mwenye nakala amesikia ushauri ule ule wa kuuza karibu na uzinduzi, hivyo wote huuza pamoja. Ya pili huwa haionekani upesi: nakala zilizopelekwa kupimwa ubora baada ya tangazo hukaa kwa kampuni ya upimaji wiki kadhaa, pengine miezi, kisha hurudi kwa mafungu. Mafungu hayo hufika sokoni wakati mnunuzi wa mwisho ameshapata yake. Ukiona hesabu ya nakala zilizopimwa inapanda haraka miezi michache kabla ya filamu, ujue shehena iko njiani.

Ni toleo gani la mhusika ambalo hupanda zaidi?

Ni lile alimotokea mara ya kwanza. Kanuni hii ina nguvu kiasi kwamba hadithi nzuri kuliko zote za mhusika huyo inaweza kuuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya toleo baya ambalo ndilo la kwanza. Black Panther ni Fantastic Four 52 (Julai 1966). Iron Man ni Tales of Suspense 39 (Machi 1963). Deadpool ni New Mutants 98 (Februari 1991). Miles Morales ni Ultimate Fallout 4 (Agosti 2011).

Ugumu huja pale "mara ya kwanza" inapokuwa na majibu mawili, na hapo ndipo wengi hupoteza fedha. Wolverine anaonekana kwenye ukurasa wa mwisho wa The Incredible Hulk 180, lakini soko limeamua kwamba toleo kuu ni 181, la Novemba 1974, ambako anacheza hadithi nzima. Tofauti ya bei kati ya matoleo hayo mawili ni kubwa sana. Kwa Venom ni vivyo hivyo: anachungulia mwishoni mwa The Amazing Spider-Man 299, ila linalotafutwa ni 300, la Mei 1988.

Kwa Carol Danvers, yaani Captain Marvel wa filamu, mambo hugawanyika. Yeye mwenyewe alitokea kwanza kwenye Marvel Super-Heroes 13 (Machi 1968) akiwa afisa wa kawaida asiye na nguvu zozote, na akawa shujaa kwenye Ms. Marvel 1 (Januari 1977). Filamu yake ilipotangazwa, matoleo yote mawili yalipanda. Rocket Raccoon anatokea mwanzo kwenye Marvel Preview 7 (1976), ambalo ni jarida kubwa lisilo na rangi ndani, kisha kwenye The Incredible Hulk 271 (Mei 1982), komiki ya kawaida yenye rangi. Wakusanyaji wengi walipenda la pili kwa sababu linaingia kwenye masanduku yao na lina jalada la kuvutia. Harley Quinn alizaliwa kwenye katuni ya televisheni mwaka 1992, kisha akaingia kwenye The Batman Adventures 12 (Septemba 1993).

Kanuni ya kutumia ni hii: angalia mauzo ya miaka kadhaa, kabla hata filamu haijazungumzwa. Toleo ambalo soko lililipa zaidi wakati wa utulivu ndilo litakalobaki na thamani. Toleo "la kwanza" lililogunduliwa wiki ya trela, kwa mfano mhusika kuonekana kwa kisogo kwenye picha moja, huwa linasukumwa na wauzaji wenye nakala nyingi za toleo hilo.

Kwa nini komiki nyingine hubaki rahisi hata filamu ivume vipi?

Kwa sababu ni nyingi mno. X-Men 1 ya 1991 iliagizwa zaidi ya nakala milioni 8. Tangu filamu ya kwanza ya X-Men mwaka 2000 zimefuata nyingine nyingi, na toleo hilo bado ni la dola chache. Kila aliyelinunua wakati huo alilifunga kwenye mfuko akitumaini kulisomeshea watoto. Superman 75 ya mwisho wa 1992, ambamo Superman anakufa, ina tatizo lile lile. Ulanguzi wa miaka hiyo uliangusha maduka mengi, na Marvel yenyewe ikaomba ulinzi wa mufilisi Desemba 1996.

Linganisha na The Walking Dead 1 ya Oktoba 2003, iliyochapwa nakala 7,000 na kidogo tu kwa sababu hakuna aliyeitarajia. Televisheni ilipoichukua mwaka 2010, hapakuwa na akiba ya kumwaga sokoni.

Je, filamu ikiwa mbaya, au ikiahirishwa?

The Eternals 1 (Julai 1976) ilinunuliwa kwa pupa baada ya filamu kutangazwa mwaka 2019. Filamu ilipotoka Novemba 2021 haikupokewa vizuri na bei ikaporomoka. Morbius, aliyeanzia The Amazing Spider-Man 101 (Oktoba 1971), alipitia njia hiyo hiyo mwaka 2022.

Kuahirishwa ni kubaya zaidi, kwa sababu mwenye mali hajui asubiri mpaka lini. Filamu mpya ya Blade ilitangazwa Julai 2019. Watu wakakimbilia The Tomb of Dracula 10 (Julai 1973). Tarehe zikasogezwa tena na tena, na mwezi Oktoba 2024 Disney ikaiondoa kwenye ratiba yake. Filamu ya Batgirl ilifutwa Agosti 2022 ikiwa imeshapigwa. Kang, ambaye komiki yake ni The Avengers 8 (Septemba 1964), aliandaliwa awe adui mkuu wa filamu kadhaa, kisha mwigizaji wake akaachishwa kazi Desemba 2023 na mpango ukabadilishwa. Tangazo la studio si mkataba na wewe.

Action Comics 1 na komiki nyingine za mamilioni zinategemea filamu?

Kidogo sana. Action Comics 1 (Juni 1938) iliuzwa dola milioni 6 mwezi Aprili 2024 ikiwa daraja la 8.5 kati ya 10 kwa ubora, pasipo filamu yoyote ya Superman kumbini. Novemba 2025 nakala ya Superman 1 (1939) ya daraja la 9.0 ilifika dola milioni 9.12. Filamu mpya ilikuwa imetoka Julai, lakini kilicholipiwa ni ukweli kwamba hapakuwa na nakala inayojulikana iliyo bora kuliko hiyo. Amazing Fantasy 15 (Agosti 1962), ya kwanza kwa Spider-Man, iliuzwa dola milioni 3.6 mnamo Septemba 2021 ikiwa 9.6. Bei hiyo ilikuja kipindi ambacho soko zima lilikuwa juu. Mwaka 2022 na 2023 soko lilishuka, na nakala za kawaida za toleo hilo zikashuka nalo.

Niuze lini?

Kama ulinunua kwa ajili ya filamu, uza kwenye habari: siku za tangazo, au siku chache baada ya trela. Usingoje kuona watu wamejaa kumbini. Ukiwa na nakala mbili, uza moja kwenye tangazo na ubaki na nyingine. Hivyo hutajuta sana mambo yakienda upande wowote.

Kama unaitaka kwa ajili ya mkusanyiko wako, fanya kinyume. Subiri miezi sita hadi kumi na minane baada ya filamu. Wauzaji waliokwama huanza kupunguza bei na hakuna anayeandika habari za mhusika huyo. Hapo ndipo pa kununua nakala nzuri kwa utulivu.

Bei ya kweli naijuaje?

Tazama mauzo yaliyokamilika, siyo bei wanazoomba wauzaji. Kwenye eBay chuja matokeo yaonyeshe vilivyouzwa tu. Hifadhi za minada ya Heritage nazo zinaweza kutafutwa, ila kumbuka kwamba bei inayoonyeshwa hapo imeshajumuisha ada ya mnunuzi, hivyo muuzaji alipata pungufu. Chukua mauzo matano ya mwisho ya daraja lile lile, ondoa la juu kabisa na la chini kabisa, kisha uangalie yaliyobaki. Uuzaji mmoja wa ajabu usiku wa tangazo haupaswi kukuongoza. Kitabu cha bei cha Overstreet, kinachotolewa tangu 1970, ni kizuri kwa historia na kutambua matoleo, lakini hutoka mara moja kwa mwaka na hakiwezi kufukuzana na trela.

Nipeleke komiki yangu kupimwa ubora?

Piga hesabu kwanza. CGC, kampuni inayopima tangu 2000, hutumia kipimo cha 0.5 hadi 10.0 na kuifunga komiki ndani ya kasha gumu la plastiki. CBCS hufanya kazi hiyo hiyo. Katika komiki za baada ya 1980, karibu thamani yote iko kwenye 9.8; 9.6 mara nyingi huuzwa kwa nusu yake au zaidi kidogo. Mikunjo midogo miwili mitatu pale karatasi inapokunjwa kwenye pini inatosha kukuangusha kutoka daraja moja hadi jingine.

Tuseme umenunua komiki kwa dola 300, na kunyoosha, kupima na kusafirisha kumekula 80. Unaiuza 500. Mtandao wa mauzo unakata kama asilimia 13, yaani 65, na ufungaji na posta 20. Umebakiwa na faida ya dola 35, na umefunga fedha yako miezi kadhaa. Ingerudi daraja moja chini ya ulilotarajia, ungekuwa kwenye hasara. Hesabu hii ndogo huwaokoa watu wengi.

Kunyoosha kwa joto na mgandamizo huondoa mabonde na mikunjo ambayo haijavunja rangi. Palipovunjika wino, pakaonekana mstari mweupe, hakuna mashine itakayoparudisha. Ukipeleka, soma pia rangi ya lebo inayorudi. Kwa CGC, ya bluu ni ya kawaida, ya njano ina sahihi iliyoshuhudiwa, ya zambarau ina maana komiki imefanyiwa ukarabati, na ya kijani kuna kasoro kubwa iliyotajwa. Lebo ya zambarau hupunguza bei vibaya sana, hata jalada liwe linang'aa namna gani.

Nitatambuaje nakala iliyochapwa upya, iliyokatwa au iliyochezewa?

Wakati wa joto la filamu nakala mbaya hutoka kabatini, kwa hiyo kagua kabla ya kulipa:

- Hesabu karatasi. Komiki ya kawaida ya miaka ya 1960 na 1970 ina kurasa 32 za ndani, yaani majani 16, pamoja na jalada. Karatasi ya katikati ndiyo huchomoka na kupotea kwanza.
- Kwa Hulk 181, fungua ukurasa wa barua za wasomaji. Kulikuwa na stempu ya kukata iitwayo Marvel Value Stamp, na watoto wengi walizikata. Nakala isiyo nayo hupoteza sehemu kubwa ya thamani, na kwa nje haionekani kasoro yoyote. Omba picha ya ukurasa huo. Muuzaji akikataa, achana naye.
- Pima upana juu, katikati na chini. Ukingo uliokatwa upya huwa mnyoofu na mweupe mno kuliko kingo nyingine, na pembe zake ni kali kupita umri wake.
- Geuza jalada uangalie upande wa ndani. Kalamu ya rangi iliyotumika kuficha mstari mweupe hupenya karatasi. Taa ya urujuanimno huonyesha gundi na rangi mpya.
- Soma maandishi madogo chini ya ukurasa wa kwanza. Chapa ya pili, na zile nakala za kisasa zinazoiga toleo la zamani, huandikwa humo. Kuna wanaozibabua ili zionekane za kale.
- Action Comics 1 "iliyopatikana darini" mara nyingi ni toleo la ukubwa usio wa kawaida la 1974 lililovuliwa jalada la nje. Lina urefu wa karibu sentimita 34, ilhali komiki ya 1938 haifiki 27. Rula tu inamaliza mjadala.

Kwa komiki iliyo ndani ya kasha, ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni iliyoipima na ulinganishe picha na nakala iliyo mbele yako. Kumetokea visa vya watu kufungua makasha na kuweka nakala duni ndani. Angalia alama za kubanduliwa kwenye kingo za kasha.

Toleo lenye msimbo pau lina thamani zaidi?

Mara nyingi, kwa komiki za mwisho wa miaka ya 1980 na kuendelea. Nakala za vibanda vya magazeti zilikuwa na msimbo pau; zile za maduka maalumu ya komiki, hadi mapema miaka ya 1990, zilikuwa na picha au mstari mahali pake. Za vibandani zilipapaswa na wengi na zisizouzwa zikaharibiwa, hivyo zilizo safi ni chache. Kuna pia nakala za Marvel za majaribio ya bei: senti 30 mwaka 1976 na senti 35 mwaka 1977, zilizouzwa katika miji michache ya Marekani wakati kwingine bei ilikuwa 25 na 30. The Eternals 1 ipo ya senti 30. Filamu haikuhitajika kuifanya hiyo iwe adimu.

Majalada maalumu yanayotolewa filamu inapozinduliwa yanafaa kununuliwa?

Yanafaa kwa kuyapenda, si kwa faida. Yamechapwa yakijulikana kuwa ya kukusanywa, na kila mtu ameyatunza.

Na mfululizo wa televisheni?

Hufanya kazi kama filamu, ila mawimbi ni madogo na hudumu wiki kadhaa, kwa kuwa kila kipindi kinaweza kumleta mhusika mpya. Moon Knight, aliyeanzia Werewolf by Night 32 (Agosti 1975), alikuwa ghali kabla ya mfululizo wake wa 2022 kuanza kuonyeshwa.

Niitunzeje nikingoja kuuza?

Weka kila nakala kwenye mfuko pamoja na kadibodi isiyo na asidi nyuma yake. Mfuko wa polipropilini ubadilishwe kila baada ya miaka 5 hadi 7, maana hulegea na kuwa na mawimbi; wa Mylar, yaani plastiki ya poliesta, hudumu muda mrefu zaidi na ndio unaofaa kwa nakala za thamani. Usitumie kadibodi ya kawaida. Asidi yake huacha kivuli cha kahawia nyuma ya jalada.

Komiki zisimame wima ndani ya sanduku, zisibanwe sana wala kulegea hadi zijikunje. Chumba kiwe nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi na unyevu usizidi asilimia 50. Unyevu ukizidi, pini hushika kutu na kutu hiyo huingia kwenye karatasi. Sanduku lisikae sakafuni, na komiki isitundikwe ukutani penye jua. Nyekundu na zambarau ndizo hupauka kwanza.

Nikiuza, niifungeje isiharibike njiani?

Ajali nyingi hutokea wakati wa kutoa komiki, si njiani: gundi ya mfuko hunasa jalada na kulichana. Kunja ulimi wa mfuko na uufunge kwa utepe wa karatasi usioacha gundi, ukikunja ncha yake ili mnunuzi aweze kuushika. Uweke mfuko kati ya vipande viwili vya kadibodi ya mawimbi, kila kimoja kikiwa kikubwa kuliko komiki kwa sentimita 2 kila upande, na mistari ya kimoja ipitane na ya kingine ili vikatae kukunjika. Vifunge pamoja bila kukaza, viingie kwenye boksi lenye vijazio pande zote sita. Iliyo ndani ya kasha ifungwe kwa plastiki yenye mapovu, kwa sababu kasha likipasuka daraja lake halihesabiki tena na itabidi mnunuzi alipie upimaji upya. Kata bima ya bei kamili ya mauzo, na upige picha za jalada, za kingo na za namba ya cheti kabla ya kuziba boksi.